Kinshasa: Kwa nini mabasi mapya hayamalizi foleni ya wasafiri

Kila baada ya miaka michache wakaaji wa Kinshasa wanaonyeshwa mabasi mapya. Yanapangwa kwa mstari, viongozi wanakata utepe, picha zinazunguka katika simu. Miezi inapita, na saa kumi na moja jioni watu wanarudi kusimama palepale: Gare Centrale, Victoire, Kintambo Magasin, Rond-point Ngaba, wakinyoosha shingo kutazama kama kuna gari linalokuja.

Maelezo yanayosikika kwanza ni kwamba mabasi hayatoshi. Ni kweli hayatoshi, katika mji ambao makadirio yanaupa watu zaidi ya milioni 15. Lakini idadi ya mabasi ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili, ambayo hakuna anayeikatia utepe, ni barabara ambamo basi linapita na saa linazopoteza humo. Nusu hiyo ikikosekana, pesa iliyonunua basi inakuwa imenunua viti vingine vya kukaa ndani ya msongamano.

Habari hii inawagusa pia watu wa Lubumbashi, Kolwezi, Kisangani, Bukavu na Goma. Kinshasa ndiko sehemu kubwa ya pesa ya serikali ya usafiri wa mijini inakokwenda, na mradi unaoanzishwa kule ndio baadaye unaletwa mikoani, pamoja na makosa yake.

Majina yanabadilika, ugonjwa ni uleule

Wazee wa Kinshasa wanakumbuka OTCZ na SOTRAZ za wakati wa Zaire. Baadaye wakaona City Train na STUC. Mwaka 2013, chini ya serikali ya Waziri Mkuu Augustin Matata Ponyo, ikaanza Transco, kampuni ya Leta, ikiwa na mabasi makubwa ya Mercedes. Miaka hiyohiyo serikali ikaingiza pia mabasi madogo yaliyotolewa kwa wasafirishaji binafsi kwa mkopo. Watu wakayapa jina la Esprit de vie, yaani roho ya uhai, kwa kuwa yalikuja kushindana na yale ya Mercedes 207 yaliyochakaa, ambayo mji mzima uliyaita Esprit de mort.

Transco ilipokelewa vizuri, na kulikuwa na sababu. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya taksi, ilikuwa moja kwa safari nzima, na basi lilifika hadi mwisho wa mstari bila kumshusha mtu katikati ya njia. Mama anayetoka sokoni na mizigo yake alijua anachotoa asubuhi na anachotoa jioni.

Kisha yakaja yaleyale yaliyoziua kampuni za zamani. Basi linalopita siku nzima katika mashimo na maji ya mvua linachoka haraka. Piyesi zinatoka nje na zinalipwa kwa dola, wakati abiria analipa kwa faranga. Bei ya tiketi inawekwa chini na serikali kwa ajili ya raia, jambo jema, lakini pesa ya kujaza pengo inachelewa kutoka hazina. Mara kadhaa wafanyakazi wa Transco wamegoma wakidai mishahara ya miezi, na siku ya mgomo mji mzima unapanda miguu. Mabasi yaliyosimama katika garaje yanageuka akiba ya piyesi kwa yale yanayotembea: leo linatolewa taa, kesho giaboksi, na baada ya mwaka linabaki boma tupu.

Hapo kuna somo la kwanza. Siku basi linanunuliwa, pesa ya kulitunza kwa miaka kumi ingepaswa kuwa imekwisha julikana inatoka wapi. Kwetu kununua kuna bajeti na sherehe. Kutunza hakuna.

Hesabu ya mizunguko

Hata hivyo, tuseme mabasi yote ni mazima na madereva wamelipwa. Bado kuna tatizo ambalo fundi wa garaje hawezi kulitengeneza.

Chukua basi moja lenye nafasi ya watu 80, likifanya kazi saa 14 kwa siku. Kama kwenda na kurudi kunalichukua saa 2, litafanya mizunguko 7, yaani safari 14 za upande mmoja, na likijaa linaweza kubeba watu 1,120. Kama msongamano unalifanya litumie saa 4, litafanya mizunguko 3 na nusu, na watu 560. Basi ni lilelile, dereva ni yuleyule, mshahara wa siku ni uleule, na mazuti inaungua zaidi kwa sababu injini inanguruma bila kusogea.

Kwa maneno mengine, anayefaulu kupunguza muda wa safari kwa nusu amejipatia mabasi mara mbili bila kununua hata moja. Na anayenunua mabasi 200 na kuyaacha yakwame katika magari mengine amelipa 200 ili apate kazi ya 100. Hesabu hii ni rahisi, mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Ndiyo maana inashangaza kwamba haionekani katika hotuba za siku ya kupokea mabasi.

Ni msongamano huohuo unaozaa ile tabia ambayo wakaaji wa Kinshasa wanaichukia kuliko zote, demi-terrain. Dereva wa taksi-bisi anatangaza safari nusu: anawashusha watu katikati, anageuza au anaita abiria upya kwa sehemu iliyobaki, na mtu analipa mara mbili kwa njia moja. Polisi wanamkamata, meya anamkaripia, kesho anarudia. Lakini mtazame hesabu yake. Jioni anapaswa kumpelekea mwenye gari ile pesa ya kila siku, versement. Kama safari nzima inamla saa 2 katika foleni, bei rasmi haimfikishi. Anakata njia vipande ili atembee pale ambapo bado kunatembeka. Ni wizi kwa abiria, ndiyo, ila ni wizi uliochorwa na barabara.

Njia nane, hakuna hata moja ya basi

Kinshasa ilipata nafasi yake. Katika miaka ya Cinq Chantiers ya Rais Joseph Kabila, Boulevard du 30 Juin ilipanuliwa, na Boulevard Lumumba, njia kubwa inayokwenda uwanja wa ndege wa Ndjili, ikafikia njia nane, nne kwenda na nne kurudi. Ni mhimili unaobeba watu wa Limete, Matete, Masina, Ndjili, Kimbanseke, yaani sehemu ya mji yenye watu wengi na magari machache. Kati ya njia hizo nane, hakuna iliyotengwa na kuzungushiwa ukuta mdogo kwa ajili ya mabasi. Zote zikaachiwa kila mwenye gurudumu. Magari yakaongezeka, njia zikajaa, na leo basi lenye watu 80 linasubiri nyuma ya gari lenye mtu mmoja.

Mwaka 2019, katika mpango wa siku 100 za kwanza za Rais Félix Tshisekedi, yakaja madaraja ya kuruka makutano, sauts-de-mouton. Kazi ilikawia, mabati ya ujenzi yakafunga makutano kwa muda mrefu, na foleni zikawa mbaya kuliko kabla. Madaraja yalipofunguliwa yalisaidia makutano yenyewe, lakini daraja la namna hiyo linafanya kazi moja tu: linasogeza msongamano hadi makutano yanayofuata.

Oktoba 2024 serikali ikajaribu dawa nyingine. Waziri wa Usafiri, Jean-Pierre Bemba, alisimamia mpango wa kupitisha magari upande mmoja kwa saa fulani katika barabara kadhaa kubwa. Asubuhi njia ilifunguliwa kuelekea mjini, jioni kuelekea vitongojini. Waliokuwa wakienda upande wa pili, wanafunzi, wagonjwa, wachuuzi, wakajikuta wanatembea kilomita kwa miguu. Wiki chache baadaye mpango ukarudishwa nyuma.

Na si kwamba hakuna aliyefikiri mbali. Japan, kupitia shirika lake JICA, iliisaidia Congo kuandika mpango mkuu wa usafiri wa Kinshasa, uliomalizika mwaka 2019, unaozungumzia barabara, reli na mabasi ya njia maalumu. Mpango upo. Kila waziri anayeingia anakuja na wa kwake.

Dar es Salaam walifanya nini

Mji wa karibu ambao umejaribu dawa tofauti, tena kwa Kiswahili, ni Dar es Salaam. Mei 2016 Tanzania ilianzisha mabasi ya Mwendokasi katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Kariakoo na Morocco. Awamu hiyo ya kwanza ina kilomita 20.9, na ilianza na mabasi 140.

Mabasi 140 si mengi. Kilichofanya tofauti ni mahali yanapopita. Yana njia yake katikati ya barabara, iliyotengwa kwa ukingo wa saruji, ambapo gari la mtu binafsi haliruhusiwi kuingia. Abiria analipa kabla ya kupanda, akiwa kituoni, kwa hiyo dereva hapotezi dakika tano akingoja mtu atafute chenji. Sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi: mzee, mama mjamzito, mtu wa kiti cha magurudumu, wote wanaingia bila kupanda ngazi. Hakuna katika mambo hayo linalohitaji ufundi wa kigeni usiojulikana Congo. Ni saruji, rangi, na uamuzi wa kumwambia mwenye gari kwamba hapa hutapita. Mwaka 2018 mji huo ukapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Lakini asimwambie mtu kwamba Dar es Salaam imemaliza. Baada ya miaka michache mabasi yalikuwa machache kuliko watu, na picha za abiria wakiingia kwa madirisha pale Kimara zimezunguka sana. Karakana ya mabasi ilijengwa katika bonde la Jangwani, na mvua kubwa zilipokuja, maji yakaingia na kuharibu mabasi. Na katika awamu ya pili, ile ya Mbagala, kulitokea kinyume cha Kinshasa: njia ya saruji ilikwisha kujengwa, vituo vikasimama, halafu vikakaa muda mrefu bila basi, hadi 2025 ndipo huduma ikaanza.

Kinshasa ina mabasi bila njia, Mbagala ilikuwa na njia bila mabasi. Kwa abiria anayesimama juani, matokeo ni yaleyale.

Kuacha gari na kupanda basi

Kuna wazo jingine ambalo linapenda kutajwa katika mipango ya miji: kujenga maegesho makubwa pembeni ya mji, mtu aache gari lake huko asubuhi, apande basi au treni kuingia katikati, jioni alichukue. Uingereza wanafanya hivyo tangu miaka ya 1970, Oxford ikiwa ya kwanza kuwa na huduma ya kudumu. Karibu nasi, Kenya ilifungua kituo cha treni cha Syokimau Novemba 2012, kikiwa na maegesho, ili watu wa upande wa Barabara ya Mombasa waache magari pale na kuingia Nairobi kwa reli.

Je, Kinshasa inaweza? Kwa karatasi, ndiyo. UPN ingeshika magari yanayotoka njia ya Matadi, Masina yangeshikwa yale ya mashariki. Lakini mtu anayeacha gari anapiga hesabu yake kimyakimya. Je, basi litanifikisha Gombe haraka kuliko gari langu? Kama basi linakaa katika foleni ileile, jibu ni hapana, na hakuna maegesho yatakayombadilisha. Je, nikirudi saa tatu usiku bado kuna basi? Je, nitakuta vioo, betri na mipira? Na huko Gombe, kama mtu anaweza kusimamisha gari kando ya barabara na kumtoa kijana anayelilinda kwa faranga kidogo, kwa nini asumbuke?

Kwa hiyo maegesho ya namna hiyo huja baada ya njia ya basi, hayaji mbele yake. Yakitangulia, yatakuwa uwanja wa kuoshea magari.

Na kuna jambo ambalo mipango iliyoigwa Ulaya haioni. Wengi wa wakaaji wa miji ya Congo hawana gari la kuacha. Wanachotumia kutoka ndani ya mtaa hadi barabara kubwa ni pikipiki: wewa kule Kinshasa, motari huku Goma, Bukavu na Butembo, na hata baiskeli ya toleka kule Kisangani. Lugha yenyewe inashuhudia. Ulaya, neno parking lina maana ya mahali pa kuacha gari. Kwa Kiswahili cha huku kwetu, parkingi ni mahali pa kupandia. Mtu akisema anakwenda parkingi, hakuna anayemuuliza gari lake ni la aina gani.

Basi tujenge hiyo. Kituo cha basi chenye sehemu rasmi ya motari, yenye paa, taa, choo na bei iliyobandikwa, ambapo mtu anashuka kwenye pikipiki na kupanda basi bila kuvuka barabara katikati ya magari. Leo pikipiki na mabasi vinapigania ukingo uleule wa lami, na vinafungana njia. Pikipiki inayompeleka abiria kilomita 2 hadi kituoni inalisaidia basi. Inayompeleka kilomita 15 hadi katikati ya mji inashindana nalo, na ndiyo inayojaza vyumba vya majeruhi hospitalini. Motari wengi hawatapinga mpango unaowapa safari fupi nyingi, ila lazima waulizwe kabla. Miji iliyowafukuza kwa amri bila kuwapa nafasi nyingine imepata ghasia tu.

Bukavu si Kinshasa, Lubumbashi nayo

Ni lazima kusema pia kwamba dawa ya Kinshasa haiingii kila mahali. Bukavu imekaa juu ya milima na rasi za ziwa, imejengwa wakati wa wakoloni kwa watu wachache, na magari yake karibu yote yanapita katika mshipa mmoja. Huwezi kutafuta njia nne za ziada pale Nyawera, hazipo. Kule, mabasi ya ukubwa wa kati, sehemu za kusimama zilizotengwa, na kuondoa magari yanayosimama hovyo mbele ya maduka kungefanya kazi kubwa kuliko daraja lolote. Taksi yenye wanne nyuma na wawili mbele pembeni ya dereva haijazaliwa na utovu wa adabu. Imezaliwa na ukosefu wa kitu kingine.

Goma ina ardhi tambarare zaidi, lakini watu wake, pamoja na waliokimbia vita, wameongezeka kuliko barabara zake, na mhimili wa kwenda Sake ndio unaobeba karibu kila kitu. Mwanzoni mwa 2025 miji hiyo miwili iliingia mikononi mwa AFC/M23, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukasimama. Si wakati wa kuota miradi ya mamilioni ya dola. Lakini kuweka parkingi mahali panapofaa na kulinda nafasi ya barabara isijengwe vibanda havihitaji mamilioni.

Lubumbashi ndiyo yenye bahati. Ni tambarare, ina barabara pana zilizonyooka tangu zamani, na reli ya SNCC inapita ndani ya mji. Nafasi ya kutenga njia ya mabasi bado ipo kabla majengo na magari hayajaimeza. Kila mwaka unaopita inapungua, na kuvunja nyumba baadaye kunagharimu kuliko kuchora mstari sasa.

Shaba ya Kolwezi, lami ya Kinshasa

Kuna sababu nyingine inayowapa wasemaji wa Kiswahili haki ya kuuliza. Mwaka 2024 serikali ilianzisha ujenzi wa barabara za kuzunguka Kinshasa, rocades, zenye kilomita 63. Pesa zake zinatokana na mkataba wa Sicomines, uliojadiliwa upya Machi 2024, ambao unapaswa kuipa nchi dola milioni 324 kwa mwaka kwa ajili ya barabara, mradi bei ya shaba isishuke. Shaba hiyo inachimbwa Kolwezi.

Barabara za kuzunguka zitayaondoa malori katikati ya mji, jambo ambalo lilihitajika. Lakini uzoefu wa Boulevard Lumumba uko wazi: lami mpya isiyo na njia ya mabasi inajaa magari ya watu binafsi, na miaka kumi baadaye tunarudi kuhesabu foleni. Wabunge wa Lualaba na Haut-Katanga wanaopitisha bajeti hiyo wanaweza kuomba michoro na kutazama jambo moja: katika kilomita 63 hizo, ni ngapi zimetengewa basi, na mtu wa Kimbanseke au wa Mont-Ngafula atapandia wapi. Swali hilo ni rahisi kujibiwa wakati mashine bado ziko kazini.